Land Rover 110 ya marehemu mjomba: tathmini ya gereji ya Chikongola na ya fedha za umma zilizoliunda gari hili

Miezi saba imepita tangu nilichukue gari la marehemu mjomba kutoka gereji moja iliyoko Chikongola, hapa Mtwara mjini, na kwa kuwa nimekwisha kulipitisha masika yote katika barabara za Tandahimba na Newala, naona sasa ninaweza kuitathmini kazi ya mafundi wale kwa haki. Gereji yenyewe haina kibao wala jina lililoandikwa mahali popote. Wenye Land Rover huifahamu kwa mwembe mkubwa ulio mbele yake na kwa magari ya zamani yaliyopangwa kivulini. Gari ni Land Rover 110 iliyoundwa mwaka 1986 katika kiwanda cha Solihull, Uingereza, yenye injini ya dizeli ya lita 2.5 isiyo na tabo. Nitaeleza nilicholipa, nilichopata na kilichonisikitisha. Lakini siwezi kulitathmini gari hili bila kusema kwamba lilitoka katika kampuni iliyokuwa mali ya serikali ya Uingereza, baada ya kunusuriwa isifilisike, na kwamba jambo tulilobishania mimi na ndugu zangu, yaani kama ni busara kutia fedha kwenye kitu kilichokwisha kusimama, ndilo ambalo mabunge ya nchi zenye viwanda vya magari yamekuwa yakilibishania kwa takribani miaka hamsini.

Mjomba alilinunua kutoka kwa mradi mmoja wa maji uliokuwa ukifunga shughuli zake, akalitumia kubebea korosho, wagonjwa, mapipa ya maji na mara nyingine maiti, kwa kuwa kwa miaka mingi lilikuwa gari pekee kijijini kwake lililoweza kupanda kutoka bondeni wakati wa mvua. Alipofariki lilisimama miaka sita chini ya mkorosho. Kwa desturi ya kwetu wapwa ndio wanaokaa kitako kuamua mambo ya mjomba wao, na kikao chetu kilikuwa kirefu. Dada yangu mkubwa alitaka liuzwe kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, akisema kwamba fedha tutakazolitia zingetosha kununua pikipiki mbili. Mdogo wangu alitaka injini ing'olewe na iwekwe ya Toyota, kama walivyofanya wengi. Mimi nilitaka lifufuliwe kama lilivyo, na sababu yangu ya kwanza, lazima niiseme wazi, ilikuwa mapenzi. Mapenzi ya namna hiyo ndiyo yanayoziponza hata serikali, kwa maana kiwanda kikishakuwa sehemu ya jina la taifa, huwa vigumu kwa waziri kusimama mbele ya wafanyakazi wake na kutamka kwamba kiachwe kife.

Dada aliyakata maneno kwa sharti moja: gari lipelekwe kwa fundi asiye na undugu nasi, na neno lake lifuatwe. Hivyo ndivyo tulivyofika Chikongola, likiwa limepakiwa juu ya lori.

Fundi mkuu wa gereji ile hakugusa injini siku ya kwanza, wala hakutaja bei. Alijilaza chini ya gari kwa muda wa karibu saa mbili akiwa na nyundo ndogo na kurunzi, akigonga chesisi, yaani fremu ya chuma inayolibeba gari, kuanzia mbele hadi nyuma na kusikiliza. Bodi ya gari hili ni ya alumini, haili kutu kirahisi, na kwa sababu hiyo humdanganya mnunuzi. Chesisi yake ni ya chuma kilichokunjwa kuwa kama sanduku refu, na kutu huanzia ndani ambako jicho halifiki, hasa kwenye boriti ya nyuma kabisa na kwenye mikono inayoshika bodi. Magari yaliyoishi mjini Mtwara, Mikindani na Lindi, karibu na hewa ya chumvi, mengi yameoza hapo. La mjomba liliponywa na kuishi juu ya uwanda wa Makonde, mbali na bahari. Fundi alipotoka chini ya gari alijipangusa vumbi akaniambia, "Katibu, chuma chako kinaitika. Ningesikia kinalia kama debe tupu, ningekurudishia funguo na nisingekudai hata maji ya kunywa." Ananiita katibu kwa sababu niliwahi kuwa katibu wa chama cha msingi cha ushirika huko Tandahimba. Ndipo tukaanza kuzungumza fedha.

Jumla ya gharama ilifika shilingi 7,350,000. Injini ilichukua 3,100,000 kwa ovahoo kamili: pistoni na ringi mpya, beringi za krenkishafti, gasketi, kusawazisha silinda hedi, pampu ya dizeli kufunguliwa na kusafishwa, na mkanda wa taimingi. Kuhusu mkanda huo niseme kidogo, kwa sababu wengi wanaonunua magari haya hawaambiwi. Injini ya zamani ya lita 2.25 ilitumia mnyororo, lakini hii ya lita 2.5 hutumia mkanda wa mpira, na mkanda ukikatika gari likiwa linatembea, vali hugongana na pistoni na ovahoo yote huwa imepotea. Fundi aliubadilisha bila kuniuliza kama wa zamani ungefaa, kisha akaandika tarehe kwa rangi nyeupe juu ya kifuniko chake. Klachi, gia boksi na breki zilikula 1,850,000. Chesisi kuchomelewa sehemu mbili, kusafishwa na kupakwa rangi ya kuzuia kutu ilikuwa 900,000. Na ufundi wa kazi yote ulikuwa 1,500,000. Nililipa kwa awamu tatu, na kila awamu nilioneshwa kifaa cha zamani kilichotolewa na kipya kilichowekwa. Utaratibu huo wa kuonesha kabla ya kudai ndio ninaousifu kuliko kitu kingine chochote katika gereji ile, na ndio ambao sikuuona niliposoma jinsi kampuni iliyoliunda gari langu ilivyonusuriwa.

Land Rover ya kwanza ilioneshwa Amsterdam mwezi Aprili 1948, na bodi yake iliundwa kwa alumini kwa sababu chuma kilikuwa kikigawiwa kwa mgawo baada ya vita. Kampuni ya Rover iliyoiunda iliingia mikononi mwa Leyland mwaka 1967, na mwaka uliofuata ikawa sehemu ya British Leyland, kampuni iliyokusanya chini ya paa moja Austin, Morris, Jaguar, Triumph na Rover, pamoja na malori na mabasi ya Leyland ambayo wazee wetu waliyapanda. Ilikuwa na viwanda vingi mno, magari yaliyoshindana yenyewe kwa yenyewe katika soko moja, na migomo isiyokwisha. Mwishoni mwa mwaka 1974 haikuwa tena na fedha za kujiendesha. Serikali ya chama cha Labour iliingilia kati. Ripoti iliyoongozwa na Don Ryder ikatoka mwezi Aprili 1975, na mwaka huo huo karibu hisa zote za kampuni zikawa mali ya umma.

Ninachoulaumu mpango ule ni kwamba haukugonga chesisi. Uliichukua kampuni nzima kama kitu kimoja na kuiahidi mtaji mkubwa, kana kwamba ugonjwa wake ulikuwa upungufu wa fedha tu. Land Rover wakati huo ilikuwa ikipata faida. Wanunuzi wa Afrika walikuwa wakiisubiri, na wengi wao, zikiwamo serikali na mashirika, walichoka kusubiri wakahamia Toyota Land Cruiser kwa sababu Solihull haikuweza kutoa magari ya kutosha. Faida iliyopatikana huko ilikuwa imetumika kwa miaka kuziba mashimo ya magari madogo ambayo watu hawakuyataka. Yeyote aliyekulia Mtwara au Lindi anaweza kuyaona matokeo ya kosa hilo bila kufungua kitabu. Gari la mkuu wa wilaya, la misheni, la hospitali na la mtaalamu wa kilimo lilikuwa Land Rover, na leo ukisimama stendi ya Masasi kutwa nzima utahesabu Land Cruiser mpaka uchoke kabla hujaiona Land Rover moja.

Hali ilibadilika pale Michael Edwardes aliposhika uongozi wa British Leyland mwaka 1977. Alifunga baadhi ya viwanda, na mwaka 1978 Land Rover ikafanywa kampuni yenye hesabu zake yenyewe, ndipo fedha za umma zikaanza kupelekwa mahali penye uhai. Gari la silinda nane lililotoka mwaka 1979 lilipewa jina lenye maana ya Hatua ya Kwanza, na hatua iliyokusudiwa ilikuwa hatua ya kwanza ya uwekezaji wa fedha za serikali; walipakodi wa Uingereza wamo hata ndani ya jina lake. Mwaka 1983 ikatoka 110, yenye springi za koili badala ya zile za majani zilizowatikisa mababu, yenye magurudumu manne yanayovuta wakati wote, na baadaye ikapewa jina la Defender mwaka 1990. Uundaji wake ulisimamishwa tarehe 29 Januari 2016, baada ya jumla ya magari zaidi ya milioni 2 ya ukoo ule kutoka Solihull. Mtu akiniuliza kama fedha ile ya 1979 ilipotea, nitamfungulia mlango wa gari la mjomba aingie akae.

Magari madogo ya kampuni ile ile yalipata mwisho mwingine. Mwaka 1986, yaani mwaka ambao gari langu lilikuwa kwenye mstari wa kiwanda, serikali ya Margaret Thatcher ilikuwa katika mazungumzo ya kuiuza Land Rover pamoja na malori ya Leyland kwa General Motors ya Marekani, na kelele za wabunge na wananchi ndizo zilizozuia. Mwaka 1988 kampuni yote iliyobaki, ikiitwa sasa Rover Group, iliuzwa kwa British Aerospace kwa paundi milioni 150, na mwaka 1994 ikanunuliwa na BMW. Mwaka 2000 BMW waliigawa: Land Rover ilinunuliwa na Ford kwa mabilioni, na upande wa magari madogo ukatolewa kwa paundi 10. Upande huo ulijikokota hadi Aprili 2005. Serikali ilitoa mkopo wa paundi milioni 6.5 ili wafanyakazi walipwe mishahara ya wiki moja wakati mnunuzi wa China akibembelezwa. Mnunuzi hakupatikana, na kiwanda cha Longbridge kikafungwa na watu takribani 6,000 wakapoteza kazi. Land Rover, pamoja na Jaguar, ilinunuliwa na Tata ya India mwaka 2008 kwa dola bilioni 2.3. Zote mbili zilitoka katika uokozi mmoja wa 1975. Iliyopona ni ile ambayo chuma chake kilikuwa kinaitika kabla fedha hazijaingia.

Kwa hiyo nikiulizwa kama serikali inapaswa kuwanusuru watengenezaji wa magari waliokwama, jibu langu ni ndiyo, lakini si wote, na si kwa masharti ya mwenye kiwanda. Marekani imelijaribu jambo hili mara mbili. Mwaka 1979 Bunge lao liliidhinisha dhamana ya mikopo ya dola bilioni 1.5 kwa Chrysler, na Lee Iacocca aliyeiongoza alilipa deni hilo mwaka 1983, miaka saba kabla ya muda wake. Serikali haikutoa fedha mkononi; ilijifanya mdhamini, na wafanyakazi, mabenki na wauzaji wakatakiwa kila mmoja kuachia kitu. Mwishoni mwa 2008 ikawa zamu ya General Motors, na Chrysler kwa mara ya pili. Wakuu wa kampuni hizo walikwenda Washington kuomba msaada wakiwa ndani ya ndege za binafsi, jambo lililowaudhi Wamarekani, na nadhani lingemuudhi mkulima yeyote aliyewahi kwenda kukopa. George W. Bush aliwapa dola bilioni 17.4 za kuwavusha, na Barack Obama alipoingia madarakani aliikataa mipango yao ya kwanza ya kujinusuru, akamwondoa mkuu wa General Motors, kisha akazipitisha kampuni zote mbili mahakamani kwa utaratibu wa ufilisi. Wenye hisa wa zamani walipoteza walichokuwa nacho. Pontiac, Saturn na Hummer zikafungwa. Jumla ya fedha zilizotumika ilikaribia dola bilioni 80, na serikali ilipouza hisa zake za mwisho za General Motors mwezi Desemba 2013 ilikuwa imepata hasara ya zaidi ya dola bilioni 10 kwenye kampuni hiyo.

Hasara hiyo ni kubwa na siwezi kuipuuza. Hata hivyo nimekuja kuielewa vizuri zaidi hapa Chikongola. Kazi yangu ilichelewa wiki tano kwa sababu silinda hedi ilipelekwa kwa fundi mchongaji wa vyuma, mzee mmoja mwenye mashine ya kusawazisha ambayo gereji nyingi za upande huu wa mji huitegemea. Mzee alikuwa amesimamisha kazi kwa kukosa fedha za kutengeneza mota ya mashine yake. Mafundi wa gereji nne, ambao kila siku hunyang'anyana wateja, walichanga fedha wakamtengenezea. Nilimuuliza fundi wangu kwa nini anamsaidia mtu anayewahudumia pia washindani wake, akanijibu kwamba mzee akifunga mlango, hedi zote zitakwenda Dar es Salaam na wateja watafuata huko huko. Mwezi Desemba 2008 Alan Mulally wa Ford, kampuni ambayo yenyewe haikuchukua fedha zile, alisimama mbele ya wabunge wa Marekani akaunga mkono msaada kwa washindani wake kwa hoja ya namna hii hii: watengenezaji wa breki, taa, viti na beringi walikuwa wakiuza kwa wote watatu, na wawili wakianguka ghafla, hao wadogo wangeanguka pia na kuiburuta Ford pamoja nao. Hoja hiyo ina nguvu zaidi kuliko ile ya fahari ya taifa. Ndiyo maana naona pia kwamba nchi ndogo yenye kiwanda kimoja chenye wanunuzi wachache ina haki ya kukataa, kama Sweden ilivyokataa kuichukua kampuni ya magari ya Saab, ambayo ilifilisika mwezi Desemba 2011. Uamuzi ule ulikuwa mchungu kwa mji wa Trollhättan, kilikokuwa kiwanda hicho, lakini ulikuwa wa kweli.

Kuna watakaosema kwamba mambo haya ni ya Wazungu na viwanda vyao. Mikoa yetu inakataa. Bandari ya Mtwara ilijengwa kwa sababu ya karanga. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianza mradi wa kulima karanga kwa mashine huko Kongwa, Urambo na Nachingwea, ikaleta matrekta, hata vifaru vya vita vilivyogeuzwa kuwa matrekta, ikajenga reli kutoka Mtwara kuelekea Nachingwea, na kila msimu ulipoleta mavuno haba ikaongeza fedha badala ya kuuliza udongo na mvua zinasema nini. Mradi ulifutwa mwezi Januari 1951 baada ya kuteketeza paundi milioni 36 za walipakodi. Reli iling'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Wazee wa Nachingwea walikuwa wakituonesha tuta lake, nami nililikanyaga nikiwa mtoto kabla sijajua kwamba natembea juu ya fedha ya mtu wa Manchester. Bandari ilibaki na inatufaa hadi leo, lakini haifuti ukweli kwamba viongozi wale walishindwa kuacha kwa sababu walikuwa wamekwisha kutumia nyingi mno. Hilo ndilo kosa ninalolihofia serikali inapoingia kwenye kiwanda cha magari: awamu ya pili ya fedha hutolewa ili kuificha aibu ya awamu ya kwanza.

Na mwezi Novemba 2018 tuliona uokozi wa aina nyingine. Wanunuzi walipotoa bei ambayo wakulima wa korosho wa Mtwara na Lindi waliikataa mnadani, Rais John Magufuli alitangaza kwamba serikali itanunua korosho yote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na malori ya jeshi yakaja kuisomba. Nilikuwa ghalani siku gari la kwanza la jeshi lilipoingia, na nilishuhudia watu wazima wakifuta machozi. Bei ilikuwa nzuri. Lakini malipo yalifuata uhakiki wa mashamba na wakulima, kwa nia ya kuwazuia wafanyabiashara wa kangomba, yaani walanguzi wanaonunua korosho za wakulima nje ya utaratibu rasmi, na kwa hiyo yalifika kwa nyakati tofauti, na wengine walisubiri miezi mingi. Kisha ikabaki kazi ya kutafuta mnunuzi wa shehena yote hiyo. Tangu msimu ule siwezi kusema kwamba serikali isiingilie kati, kwa sababu niliona njaa iliyozuiwa. Wala siwezi kusema kwamba kutangaza kunatosha, kwa sababu anayeokoa lazima ajue bidhaa atamuuzia nani baada ya kuinunua. Kwa kiwanda cha magari swali ni hilo hilo: mwaka wa tatu baada ya uokozi, nani atakuwa anayanunua magari hayo kwa hiari yake? Nasi tunao mradi wetu wa Nyumbu kule Kibaha, ulioanzishwa ili nchi iwe na utaalamu wake wa magari, na ningependa kila mara unapoombewa fedha ulizwe swali hilo kwa heshima na kwa hesabu.

Nirudi gereji, maana nina malalamiko pia. Kazi ya umeme haikunipendeza. Nyaya za taa za nyuma ziliunganishwa kwa kusokotwa na kufungwa utepe, na ndani ya mwezi mmoja taa ya breki ya kushoto ikafa nikiwa barabara ya Mnazi Mmoja usiku. Walinitengenezea bila kunidai, lakini kijana aliyeifanya kazi ile hakuwa fundi umeme, na alipaswa kusema. Pia sili moja ya difu ya nyuma, iliyonunuliwa katika duka moja la spea Dar es Salaam, ilianza kuvujisha oili baada ya safari ya pili. Fundi alipoitoa alikuta ni bandia, mpira wake ulikuwa umekwisha kuwa mgumu kama plastiki. Alikiri kwamba aliinunua kwa kuangalia bei. Namlaumu kwa hilo, na namheshimu kwa kukiri. Kuchelewa kwa wiki tano nimekwisha kulieleza na silihesabu kuwa kosa lao.

Kuhusu gari lenyewe, nitoe mfano wa safari moja. Mwezi Machi nilikwenda Newala kupitia Nanyamba na Tandahimba, nikiwa nimebeba magunia kumi na mawili ya mahindi na watu watatu. Lami ilikwisha, tukaingia kwenye mchanga mwekundu wa uwanda wa Makonde, ule unaogeuka kuwa utelezi mvua inaponyesha na kuwa unga inapokauka. Injini hii ina nguvu za farasi 68 tu, na asiyekuwa na subira asiinunue. Kwenye lami malori yalinipita, na sikuona sababu ya kushindana nayo. Lakini pale magari matatu ya kisasa yalipokuwa yamezama ubavuni mwa barabara, niliingiza gia ndogo, nikafunga difu ya kati, nikaliacha litembee lenyewe bila kulikanyagia mafuta, likapita polepole kama mzee anayekijua kijiji chake. Mteremko wa kutoka Newala kuelekea Masasi nilishuka kwa gia ya pili bila kuzichosha breki. Rejeta haikuchemka hata mara moja. Oili niliipima Masasi, ikawa imepungua kidogo sana. Dada yangu, ambaye alikuwa amekaa mbele, hakusema neno kuhusu vyuma chakavu, ila alipofika aliuliza kama viti vinaweza kushonwa upya.

Kwa mwenye Land Rover ya zamani Mtwara au Lindi, gereji hii naipendekeza kwa injini, gia boksi, chesisi na breki, na kwa masharti. Nenda na gari siku ambayo fundi mkuu yupo, nawe ukubali alale chini yake kabla hamjazungumza bei. Lipa kwa awamu, na udai kuoneshwa kila kifaa. Spea za mpira nunua mwenyewe kutoka kwa muuzaji unayemwamini, hata kama ni ghali mara mbili. Kazi ya umeme ipeleke kwingine. Na ukigongewa chesisi ikalia kama debe, chukua funguo zako, ushukuru, uondoke; usimbembeleze fundi kwa sababu gari lilikuwa la baba au la mjomba. Mimi nitalirudisha mwezi Julai kwa ajili ya chujio, sili nyingine ya difu na viti vya dada, kabla korosho hazijaanza kudondoka.